Seramu Haikuwa na Kosa

Mbotela,
Jumamosi alasiri.

Mutheu mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Asubuhi nimekuona ukikalia sanduku ili lifunge, na mama yako akilifungua tena kutia mfuko wa unga wa wimbi. Sasa mko kanisani, wanakwaya wanakuaga. Mimi nilisema mgongo unaniuma nikabaki. Mgongo hauniumi. Nilitaka meza, na nyumba isiyo na mtu.

Habari za koti, za kula vizuri, za kupiga simu ukifika, mama yako amezisema mara nyingi kuliko ninavyoweza kuzirudia. Mimi nina jambo moja. Naliandika kwa Kiswahili kwa sababu Kikamba nyumbani humu ni lugha yenu wawili mnaponicheka, na Kiingereza kwangu kimekuwa cha fomu za hospitali. Ninachotaka kukuambia hakina fomu.

Nianzie siku barua ilipokuja. Uliingia mlangoni unahema, bahasha mkononi, ukasema, "Baba, wamenichukua." Miaka minne ya kusomea seli shina za damu, nauli yao, chumba chao, kila kitu chao. Mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Mimi nilisema huko kuna baridi sana, kisha nikachukua nyundo nikaenda kutengeneza mlango wa choo. Nilikaa kule karibu saa nzima nikigonga bawaba ambayo haikuwa imelegea sana. Baadaye nilikusikia ukimwambia shangazi yako kwamba baba ndivyo alivyo, furaha ikimzidi hujificha.

Haikuwa furaha, mwanangu. Nilikuwa nakuonea wivu.

Najua mzazi hapaswi kuandika hivyo. Lakini nimeishi na wivu muda mrefu kiasi kwamba nautambua unapoingia, kama mtu anavyotambua mguu wake mbovu mvua ikikaribia. Nilipokuwa nimeshika ile nyundo nilikuwa nawaza: mimi ndiye niliyemwonyesha damu. Ulikuwa na miaka saba nilipokupeleka maabara, nikakusimamisha juu ya kigoda, nikakwambia ufumbe jicho moja, uangalie kwenye hadubini. Ukaniuliza mbona damu si nyekundu. Mimi ndiye niliyekwambia kwamba seli hizi zote, nyekundu na nyeupe, zina mama yao, seli shina, ndani ya mfupa, kwenye uboho, na kwamba mama huyo haonekani kwa urahisi kwa sababu ni mmoja kati ya maelfu na hana sura ya kujivunia. Mimi nilikuonyesha, na sasa wewe ndiwe utakayemshika.

Na nyuma ya wivu huo kuna mwingine wa zamani zaidi. Huo ndio ninaotaka kuuandika.

Unamfahamu Mwalimu Wafula kuliko watu wengi. Tangu mwaka wako wa pili chuoni kila sentensi yako ilianza na jina lake. Mwalimu Wafula amesema hivi, Mwalimu Wafula hakubali vile. Unajua tulifanya kazi pamoja. Unajua pia kwamba hatutembeleani, na ulipouliza nilikujibu kwamba watu wakizeeka huachana. Hatukuachana kwa uzee.

Tulisoma naye chuo cha mafundi wa maabara, chumba kimoja, vitanda viwili. Yeye katoka Bungoma, mimi Machakos. Mtihani wa mwisho nilimshinda. Sikwambii hili kujisifu, nakwambia kwa sababu kwa miaka ishirini lilikuwa jambo la kwanza nililolikumbuka kila nilipomwona. Tukaajiriwa hospitali moja, siku moja. Alikuwa akija hapa kula Jumapili, na wewe ukiwa mdogo ulikuwa ukilala juu ya miguu yake.

Halafu ikatokea nafasi moja ya kwenda ng'ambo kusomea uboho. Tuliitwa wawili mbele ya madaktari. Mimi nilijibu maswali yote vizuri. Wafula aliulizwa jambo moja asilolijua, akasema, "Hilo silijui, lakini ningependa kulijua." Wakamchukua yeye. Nilimsindikiza hadi uwanja wa ndege, nikambebea mfuko, nikamtakia heri, na njiani nikirudi nilikuwa nimekwisha kumchukia.

Alirudi baada ya miaka miwili akiwa na jambo kichwani. Kule alikokuwa, mtoto ambaye uboho wake umekauka alikuwa anaweza kupewa uboho wa ndugu yake, na seli shina za ndugu zikaota ndani yake kama mbegu, akapata damu mpya. Wengine walipona. Wengine walipewa na hakuna kilichoota, wakafa. Wafula alitaka kujua, kabla uboho haujatoka kwa mtu kwenda kwa mwingine, kama mbegu zilizomo zi hai na ni ngapi. Njia yake ilikuwa kuchukua tone la uboho, kulitandaza kwenye visahani pamoja na chakula chake, na kuvitia kwenye kabati la joto kwa siku kumi na nne. Kila seli hai ingezaa kundi dogo la kuhesabika. Alisema ipo siku tutapandikiza uboho hapa hapa Nairobi, na siku hiyo haiwezi kufika kama hatujui kuhesabu.

Leo hayo ni somo lako la kawaida. Wakati ule, mwaka wa tisini na moja, hospitalini kwetu yalionekana kama mchezo. Chakula cha seli kilihitaji seramu ya ndama, yale maji yanayobaki damu ikiganda, chupa sita tu, ambazo Wafula alizipata baada ya kuwaandikia barua kwa zaidi ya mwaka watu aliosoma nao ng'ambo. Zilifika ndani ya barafu. Alizibeba mwenyewe kutoka uwanja wa ndege akiwa amezikumbatia.

Akaniomba nimsaidie. Nilikubali. Ningekataaje, nami mkono wangu ndio uliokuwa imara kuliko wote mle maabara?

Mara ya kwanza visahani viliota ukungu, tukavitupa. Hilo halikuwa kosa la mtu. Mara ya pili, siku ya kumi na mbili, aliniita asubuhi kabla hajavua koti. Niliangalia kwenye hadubini nikaona makundi, mviringo, yakimetameta kama mayai ya chura majini. Niliyahesabu mara mbili. Nilikuwa na furaha, Mutheu, nataka ujue hivyo. Kwa muda wa kama dakika kumi nilikuwa na furaha isiyokuwa na doa. Kisha daktari mkuu akaja na wenzake. Wakaangalia mmoja mmoja. Daktari akampa Wafula mkono, akampongeza, akageuka. Alinipita mimi kama mtu anavyopita kiti. Wafula alisema, "Na Mutiso pia, daktari," lakini daktari alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

Ningeweza kumshukuru Wafula kwa maneno hayo. Badala yake yaliniuma kuliko kule kupitwa. Niliona ananigawia makombo.

Mara ya tatu ndiyo iliyokuwa na maana. Palikuwa na mtoto wodini anaitwa Akinyi, umri wa miaka tisa, binti wa mfanyakazi wa reli wa pale Muthurwa. Uboho wake ulikuwa umekauka. Ufizi ulikuwa ukitoka damu akicheka, na alikuwa mtu wa kucheka. Wafula alitaka kuotesha uboho wake na uboho wa kaka yake, kando kwa kando. Hakumficha mama yao. Alimwambia kazi hii haitamponya Akinyi, ni ya kujifunza. Mimi nilikuwepo. Yule mama alimwangalia mtoto wake, akasema, "Kama haitamsaidia wangu, itamsaidia wa mtu. Chukueni."

Unajua sindano ya uboho inavyoingia, kwenye mfupa wa nyonga, na dawa ya ganzi haifiki ndani kabisa. Mimi ndiye niliyemshika Akinyi mikono. Nilimwambia ahesabu kwa sauti. Alifika arobaini na tatu ndipo ikatoka.

Siku ya tatu ya visahani, ikiwa Ijumaa, Wafula alipata habari kwamba baba yake amefariki. Akasafiri usiku ule ule kwenda kuzika. Kabla ya kuondoka alinikabidhi kabati la joto. Lilikuwa kabati kuukuu, na lilikuwa na tabia mbili mbaya ambazo tulizijua sote. Stima ikipotea, lilipoa upesi. Stima ikirudi bila mtu kulisimamia, lilipanda joto kupita kiasi na kuunguza. Kwa hiyo palikuwa na utaratibu: stima ikipotea, zima swichi, peleka visahani wodi ya watoto wachanga ambako jenereta inafika. Sista wa kule alikuwa amekubali kutupa nafasi. Ni mwendo wa dakika tano.

Jumamosi asubuhi stima ilipotea. Ilikuwa Julai, unajua baridi ya Julai. Nilikuwa zamu peke yangu. Niliangalia kipimajoto mlangoni mwa kabati, nikaona kinashuka. Nikachemsha chai kwenye jiko la gesi. Nikanywa. Nilijiambia nikimaliza kikombe nitavipeleka. Nikajimiminia cha pili.

Nimejaribu miaka hii yote kukumbuka nilikuwa nawaza nini, na nikumbukacho ni jambo dogo la aibu. Nilikuwa nawaza kwamba Jumatatu nyingine daktari atakuja tena kutoa mkono. Basi. Sikupanga kuharibu. Sikugusa kitu. Nilikaa tu, na kukaa kulitosha. Jioni nilifunga mlango nikaja nyumbani, nikakukuta unafanya hesabu kwenye meza hii ninayoandikia, nikakusaidia. Swichi sikuizima.

Jumapili asubuhi kipimajoto kilisoma arobaini na sita. Stima ilikuwa imerudi usiku. Nililishusha kabati taratibu hadi thelathini na saba. Kisha nikafungua daftari la joto, ambalo tulipaswa kuandika asubuhi, mchana na jioni, nikajaza Jumamosi yote na Jumapili. Thelathini na saba, thelathini na saba, thelathini na saba. Mwandiko wangu ni mzuri, wewe mwenyewe umewahi kuusifu.

Wafula alirudi kutoka mazishini amenyoa kichwa. Siku ya kumi na nne tukavitoa visahani. Hapakuwa na kitu, si kwa Akinyi, si kwa kaka yake. Kwa Akinyi angeweza kuelewa, lakini kaka alikuwa mzima kabisa. Akaketi na daftari lake akaanza kutafuta kosa. Akalichukua daftari la joto, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akalirudisha. Akasema, "Joto liko sawa. Basi ni seramu. Imekuwa sumu."

Zilikuwa zimebaki chupa nne. Alizifungua moja moja, akazimwaga kwenye sinki. Seramu ina rangi kama ya chai isiyo na maziwa. Nilikuwa nimesimama upande wake wa kushoto, karibu vya kutosha kumshika mkono. Alifungua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila chupa nilijiambia, sema. Ya nne alisita kidogo, akaniuliza kama naona tuibakize moja. Nikamjibu kwamba seramu mbaya ni mbaya.

Hilo ndilo kosa langu, mwanangu. Mengine yote ni maelezo yake.

Hakuweza kupata seramu nyingine. Akinyi alifariki kabla ya Krismasi. Sitakudanganya kwamba angepona. Hapakuwa na mahali hapa pa kumpandikizia uboho, na visahani havikuwa dawa. Lakini alichomwa sindano ile kwa ajili ya jibu, akahesabu mpaka arobaini na tatu, na jibu nililiua mimi nikinywa chai. Mama yake aliuliza mara moja kama tulijifunza kitu. Wafula alimwambia hapana, seramu ilikuwa mbaya. Alimwomba msamaha. Yeye.

Mwaka uliofuata aliacha hospitali akaenda kufundisha. Nilipewa meza yake iliyo karibu na dirisha. Nilidhani sasa nitapumzika. Wivu haukuondoka naye, ulibaki ukakosa mtu wa kukaa juu yake, mpaka wewe ulipoingia chuo kikuu ukakutana naye darasani.

Sasa unaelewa kwa nini nilikuwa nikitoka mezani ulipoanza kumtaja. Na utakumbuka mwaka jana, gazeti lilipoandika kwamba ng'ambo wamefaulu kukuza seli shina za kiinitete, ukatusomea kwa sauti. Mimi nikasema waandishi wamekosea, seli shina ni za uboho. Ukanieleza kwa upole kwamba hizi ni za mwanzo kabisa, kabla mwili haujaamua kipi kiwe moyo na kipi kiwe ngozi. Nikabisha. Nikakupandishia sauti mbele ya mama yako kana kwamba umenitukana. Ukakunja gazeti ukasema, "Poa tu, Baba. Si lazima tushindane." Jumatatu nilimuuliza daktari kijana kazini. Wewe ndiye uliyekuwa sawa. Sikukwambia. Nakwambia leo.

Nilikuwa nimeamua kufa na hili jambo la seramu. Kilichonibadilisha ni daftari lako. Wiki mbili zilizopita ulikuwa ukipanga vitabu vya kubeba, ukaacha daftari la darasa la Wafula limefunguka hapa mezani. Nikasoma. Uliandika kwa kalamu nyekundu: mfano wa Mwalimu, kazi nzima iliharibiwa na seramu mbaya, ijaribu seramu kwanza kabla ya kulaumu mikono. Ulikuwa umepigia mstari. Unaenda na uongo wangu ng'ambo, umeupigia mstari.

Nilimwambia mama yako kwanza. Alikuwa akichambua maharagwe. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo miaka minane umekula chakula changu na hilo liko tumboni." Hakuzungumza nami tena mpaka kesho yake, na alipozungumza aliniambia nivae shati safi niende Komarock, nyumbani kwa Wafula.

Jumapili iliyopita, nilipokwambia naenda kumwona mgonjwa, nilienda kwa Wafula. Nimjue nani kama si mimi mwenyewe: hata nikiwa nimekuja kuungama, jicho langu lilianza kuhesabu. Nyumba ya vyumba vitatu. Rafu ya vitabu ukuta mzima. Na kwenye ukuta mwingine, kati ya picha za watoto wake, picha yako ya siku ya mahafali, umesimama naye, mkono wake begani kwako. Sisi hatuna nakala ya picha hiyo. Niliiangalia nikasahau nilichokuja kusema.

Akanikaribisha. Mke wake akaenda jikoni. Nikamwambia yote kwa mpangilio niliokuandikia hapa, stima, chai, swichi, daftari. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza ni Jumamosi gani hasa. Nikamwambia ile baada ya yeye kusafiri kwenda kuzika. Akainuka, akaenda chumbani, akakaa huko muda. Alirudi na daftari lake la miaka ile. Bado analo. Akatafuta ukurasa.

"Kwa hiyo seramu ilikuwa nzuri," akasema.

"Ilikuwa nzuri."

"Na nilipokuwa nikiimwaga ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwa nimesimama pale."

Akatoa kalamu mfukoni. Kando ya ukurasa, polepole, akaandika maneno mawili na tarehe ya siku ile. Nilikuwa nikiyaona kinyume: Si seramu. Akapulizia wino ukauke. Mke wake akaja na chai, na Wafula akamwambia kwa upole airudishe kwanza.

Halafu akaniambia jambo nililodhani litakuwa la hasira, na lingekuwa rahisi zaidi kama lingekuwa la hasira. Alisema kwa miaka minane amekuwa akiamini hana bahati na mambo ya mikono, ndiyo maana alikimbilia ubao na chaki. Alisema amewafundisha vijana wengi kosa ambalo halikutokea. Mwaka hata mwaka. Kisha akafunga daftari.

"Umekuja kwa sababu Mutheu anaondoka," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Mwambie wewe. Nikimwambia mimi itakuwa mashtaka."

Nikamuuliza kama anaweza kunisamehe. Ninajuta kuuliza, nilikuwa tena naomba nipewe kitu. Aliniangalia, bila ubaya. "Nenda nyumbani, Mutiso. Leo sina la kukuambia." Akanisindikiza mpaka getini, kwa maana yeye ni mtu wa kusindikiza wageni. Sijasikia kutoka kwake tangu siku hiyo.

Nimefika hapo, na sasa naona nilitaka kukupa mawaidha, lakini sina haki ya kutoa mengi. Nitasema machache niliyoyalipia.

Unakokwenda, watu watazungumza juu ya seli hizi kana kwamba dawa iko kesho kutwa: moyo mpya, macho mapya, damu mpya kwa kila mtoto. Sijui kama watafika. Wewe unajua zaidi yangu, na safari hii nakubali. Ninachokijua mimi ni kwamba kati ya kisahani na mtoto wodini pana watu wengi wadogo: anayeosha vioo, anayeshika mikono ya mgonjwa, anayeandika joto Jumamosi wakati hakuna anayemwona. Mmoja akidanganya, wenye akili wote walioko juu yake watajenga juu ya uongo huo kwa bidii na uaminifu. Wafula hakukosea hata hatua moja. Alifikiri vizuri kabisa kutokana na namba zangu.

Kwa hiyo mtu anayekuandikia joto, mjue jina lake. Ukipewa mkono, geuka umtafute alipo. Sisemi ili umpe makombo. Mwulize ameona nini. Wafula alijaribu, na mimi nilikuwa mtu mgumu wa kusaidiwa, lakini wewe jaribu hivyo hivyo.

Na wewe pia utaona wivu. Una damu yangu. Kutakuwa na mwenzako mwenye visahani vinavyoota wakati vyako vimelala, na utajisikia unataka vyake vife. Usijidanganye kwamba wewe si mtu wa aina hiyo; mimi nilijidanganya hivyo, na ndiyo sababu sikujilinda. Ukiona unamimina kikombe cha pili, inuka. Kama umekwisha kuchelewa, andika joto lililopo. Arobaini na sita. Utaaibika wiki moja. Mimi nimeaibika miaka minane na bado.

Ule mstari mwekundu ufute kabla hujaondoka, au uandike ukweli kando yake kama alivyofanya yeye. Mama wa Akinyi alirudi kwao mashambani baada ya mumewe kustaafu, lakini nimepata jina la soko anakouza samaki. Nitakwenda mwezi ujao. Nitamwambia kwamba tulijifunza kitu, na nitamwambia ni nini.

Kuhusu wewe na mimi. Nimekaa hapa nikitafuta sentensi ya kusema kwamba wivu umekwisha. Haujakwisha. Ninakuonea wivu kwa kila kitu: hadubini utakazozikuta, miaka yako, kule kusema sijui bila kuogopa. Ninamwonea wivu Wafula kwa ajili yako, na nakuonea wivu wewe kwa ajili yake, kwa sababu alikuwa rafiki yangu kabla hajawa mwalimu wako. Kama kuna siku nimeonekana kutokupenda, sababu ilikuwa wivu huu. Kukupenda sikuwahi kuacha. Viwili hivi vimekaa ndani yangu pamoja kama wapangaji wa chumba kimoja, na nimekuwa nikimfungulia mlango yule asiyefaa.

Soma barua hii ukiwa angani, usiisome kesho asubuhi. Kesho sitaki unihurumie mbele ya watu.

Wafula alikuahidi atakuja uwanja wa ndege, naye akiahidi huja. Tutasimama kundi moja, mimi na mama yako, yeye na mke wake, wanakwaya. Pengine atanisalimu, pengine hatanisalimu. Usijaribu kutupatanisha. Waage watu kama moyo wako unavyotaka. Ukimkumbatia yeye kwanza, roho itaniuma, na nitasimama pale pale mpaka zamu yangu ifike.

Ni mimi baba yako,
Mutiso